Nusu Saa ya Tikitimaji

Mwanamke kijana ameketi katika chumba cha hoteli, nywele ndefu zimemwangukia mashavuni. Ametoka kumsaliti mumewe kwa mara ya kwanza, na anamwambia mwanamume aliye naye kwamba yeye ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza kumdharau. Mwanamume hajibu. Mezani kuna tikitimaji. Anakata kipande, anakila taratibu, na kwa muda usiopungua nusu saa chumba kizima kimenyamaza.

Hadithi yenyewe inaitwa Bibi Mwenye Kijibwa. Anton Chekhov aliiandika Yalta mwaka 1899, na jarida la Russkaya Mysl la Moscow likaichapa Desemba ya mwaka huohuo. Ni fupi, mtu anaimaliza kwa kikao kimoja, lakini katika visa vyote vya mapenzi ya nje ya ndoa nilivyowahi kusoma, hakuna kilichonilazimisha kufikiri upya kama hiki. Tunaposimuliana habari za mume wa fulani na mke wa fulani, macho yetu hukimbilia kitandani: nani alifumaniwa, wapi, saa ngapi, nani aliyepiga hodi. Chekhov anakipita kitanda bila kusema lolote. Anaposimama ni kwenye tikitimaji. Alikuwa daktari kwa kazi, na jicho la daktari halikumwacha hata alipoandika habari za mapenzi. Anaona mkono wa mtu unafanya nini wakati mdomo umenyamaza.

Naamini alisimama pale kwa sababu ndipo kosa zito zaidi la usiku ule lilipo. Mwanamke yule, Anna Sergeyevna, yuko peke yake na aibu yake, na mtu pekee ambaye angeweza kuibeba pamoja naye anakula. Sisemi kwamba kuivunja ndoa ni jambo dogo. Nasema kwamba ndani ya kosa lile tunalolijua sote kuna jingine ambalo hakuna mzee wa usuluhishi anayeuliza habari zake: mtu alimtazama mwenzake akiumia, akamwona kama hali ya hewa tu, ya kusubiriwa ipite.

Tumjue kwanza mla tikitimaji. Dmitri Gurov hajatimiza miaka arobaini. Ana binti wa miaka 12 na wavulana wawili wanaosoma sekondari. Alisomea lugha na fasihi, lakini anafanya kazi benki, na ana nyumba mbili Moscow. Walimwoza mapema, angali mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, na sasa anamwona mkewe kama mtu aliyezeeka kumpita yeye. Mke huyo ni mrefu, amenyooka, nyusi zake nyeusi, msomaji wa vitabu, mwenye kujiheshimu. Gurov anamwogopa na hapendi kukaa nyumbani. Amekuwa akitoka nje kwa miaka mingi. Akiwa na wanaume wenzake huwataja wanawake kama viumbe wa daraja la chini, ingawa bila wao hawezi kukaa hata siku mbili. Kila mji una Gurov wake: mtu mchangamfu, msafi, mwenye maneno laini, asiyemchukia yeyote na asiyemwona yeyote.

Anna amezidi miaka ishirini kidogo tu. Alikulia Petersburg, akaolewa akiwa na miaka 20, na sasa anaishi katika mji wa mkoani ambao mwandishi anautaja kwa herufi moja, S. Amekuja Yalta peke yake na kijibwa cheupe cha manyoya, na kila siku watu wanamwona akipita nacho kwenye barabara ya ufukweni. Mumewe ni ofisa, lakini Anna hawezi kusema kwa hakika anafanya kazi katika ofisi gani. Jambo hilo linamchekesha mwenyewe. Mimi halinichekeshi. Miaka miwili katika nyumba moja, meza moja, na mke hajui mume anakwenda wapi kila asubuhi. Basi hata kabla ya Yalta, ndoa ile ilikuwa imekaa bila mazungumzo kwa muda mrefu.

Wanafahamiana kwa njia ya kijibwa. Wiki moja baadaye, siku ya upepo na vumbi, wanakwenda gatini kutazama meli ikiingia. Watu wanatawanyika, giza linashuka, na Gurov anambusu. Kisha hoteli, kisha maneno ya Anna, kisha tikitimaji.

Na maneno anayoyasema Anna baada ya ukimya ule yanastahili kusikilizwa kuliko Gurov alivyoyasikiliza. Hajitetei. Hasemi mumewe anampiga wala kumtesa. Anakubali kwamba huenda ni mtu mzuri na mwaminifu, ila mbele ya wakubwa wake ni kama mtumishi wa mlangoni. Anasema alitaka kuishi, kwamba kulikuwa na shauku iliyomchoma mpaka akamdanganya mume kuwa anaumwa, akaja huku. Kisha anasema jambo la ndani zaidi: aliyemdanganya ni nafsi yake mwenyewe, na alianza zamani. Huyu ni binti wa miaka ishirini na ushei aliyeyafikiria maisha yake hadi chini kabisa. Gurov, mwenye umri karibu mara mbili ya wake, anachoshwa. Sauti yake ya unyofu inamkera, toba yake inaonekana kwake kuwa imekuja mahali pasipofaa, na kama si machozi, asema mwandishi, angedhani anaigiza.

Wakitoka hapo wanapanda gari la farasi hadi Oreanda, wanaketi kwenye benchi karibu na kanisa, wanatazama bahari alfajiri. Bahari ilivuma hivyo kabla Yalta haijajengwa, itavuma hivyo sisi tukiwa hatupo. Gurov anawaza kwamba kila kitu duniani ni kizuri isipokuwa yale tunayoyafikiri na kuyatenda tunaposahau utu wetu. Wazo jema, na nadhani ni mara ya kwanza anakaribia kujihukumu. Lakini wazo jema alfajiri, karibu na mwanamke mzuri, halimgharimu mtu kitu. Baadaye barua inakuja: mume anaumwa macho, mke arudi. Treni inaondoka, na Gurov anarudi Moscow akiwa na hakika kwamba baada ya mwezi mmoja sura ya Anna itafunikwa na ukungu kama sura za wengine waliomtangulia.

Mwezi unapita, unakuja mwingine, na sura haififii. Anamwona Anna katika kabati la vitabu, katika pembe ya chumba, anasikia pumzi yake. Anatamani kumweleza mtu, lakini amweleze nani? Nyumbani anazungumzia mapenzi kwa mafumbo, na mkewe anachezesha nyusi zake nyeusi na kumwambia kwamba hayo ya kujipamba hayamfai. Tutarudi kwa mke huyu. Kisha, usiku mmoja akitoka klabuni na ofisa aliyekuwa akicheza naye karata, Gurov anashindwa kujizuia. Anamwambia kwamba huko Yalta alikutana na mwanamke wa ajabu. Ofisa anapanda gari lake la theluji, linaanza kwenda, halafu anageuka na kumwita kwa jina. Anataka kumwambia kwamba yeye Gurov alikuwa amesema kweli: samaki wa leo kweli alikuwa ameanza kunuka.

Maneno hayo ya kawaida yanamchoma Gurov vibaya sana. Usiku hapati usingizi kwa hasira, na kesho yake kichwa kinamuuma mchana kutwa. Anaona maisha ya Moscow kuwa ushenzi: karata, ulafi, ulevi, mazungumzo yaleyale, mtu hana pa kukimbilia kana kwamba yuko wodi ya vichaa au kifungoni.

Kwa nini samaki amuumize hivyo? Ofisa hakumtukana. Hakumkanya. Jibu ninaloliona ni kwamba Gurov amefanyiwa kilekile alichomfanyia Anna. Amefungua moyo, na mtu aliyekuwa mbele yake akazungumzia chakula. Chekhov haunganishi mambo haya mawili kwa sentensi hata moja. Ameyaweka tu, tikitimaji kule na samaki huku, akamwachia msomaji. Na sidhani Gurov mwenyewe anaunganisha. Lakini kuanzia usiku ule anakuwa mtu mwingine. Amejua kwa mara ya kwanza mtu anavyojisikia anapokuwa upande wa pili wa meza.

Hapa ndipo uchaguzi wa kimaadili unapoanza katika hadithi hii, na umeanza mahali pa kutatanisha. Tumezoea kufikiri kwamba dhamira humvuta mtu arudi nyumbani. Dhamira ya Gurov inamwamsha, kisha inamwelekeza kwenye treni ya kwenda kwa mke wa mtu. Desemba, wakati wa sikukuu, anamwambia mkewe kwamba anakwenda Petersburg kumshughulikia kijana fulani, kumbe anakwenda S. Uongo unaongezeka katika siku zilezile ambazo moyo unasafika. Msomaji anayetaka hadithi yenye mtu mwema na mtu mbaya atakwama hapa, na ni vizuri akwame.

Huko S. anapanga chumba bora kuliko vyote hotelini, chenye kidau cha wino kilichojaa vumbi, kimechongwa mpanda farasi asiye na kichwa. Anaitafuta nyumba ya Anna, anakuta mbele yake ua mrefu wa kijivu uliopigiliwa misumari. Anatembea kwenda na kurudi. Mlango unafunguka, anatoka bibi kizee, na nyuma yake kile kijibwa cheupe. Gurov anataka kukiita, lakini moyo unamdunda hata hawezi kukumbuka jina lake. Kule Yalta kijibwa kilikuwa chambo. Alikitisha kwa kidole, akaomba kukipa mfupa, mazungumzo yakaanza. Mtu aliyejua kila hila sasa amesahau hata ile ya kwanza.

Jioni anakwenda kwenye ukumbi wa maonyesho, ambako wanaonyesha opereta The Geisha kwa mara ya kwanza. Anna anaingia, anaketi safu ya tatu. Hakuna kilichobadilika kwake. Ni mwanamke mdogo aliyepotea katika umati wa mkoani, ameshika miwani ya mkononi isiyo na uzuri wowote. Gurov anamtazama na kutambua kwamba kwake hakuna duniani mtu wa karibu zaidi kuliko huyu. Angalia mapenzi yalivyokuja. Yalta kulikuwa na bahari, maua, mbalamwezi, na hakumpenda. S. kuna ua wa misumari, muziki mbovu na taa zenye ukungu, na anampenda. Wanapanda ngazi haraka wakati wa mapumziko, wanafunzi wawili wanavuta sigara juu yao na kuwatazama, na Gurov anambusu mbele ya macho hayo. Anna anamsihi aondoke. Atakuja yeye Moscow.

Leo Tolstoy aliisoma hadithi hii Januari 1900 na ikamuudhi. Aliandika katika shajara yake kwamba hii ni athari ya mwanafalsafa Nietzsche, kazi ya watu ambao hawajajijengea mtazamo wa maisha unaotenganisha wema na uovu, wanaodhani wamevuka mipaka hiyo ilhali wamebaki upande wa wanyama. Alimpenda sana Chekhov kama mtu, kwa hiyo hukumu hiyo haikutoka kwa adui. Ilitoka kwa mtu aliyekuwa ameandika Anna Karenina, riwaya iliyotoka kwa mfululizo kati ya 1875 na 1877, ambamo mwanamke aliyemwacha mume na mtoto kwa ajili ya mpenzi anaishia chini ya magurudumu ya treni. Chekhov alimpa mwanamke wake jina lilelile, Anna, akampandisha treni, na treni ikamfikisha salama.

Naichukua shutuma ya Tolstoy kwa uzito, na nadhani nusu yake ni kosa. Chekhov alikuwa ameshaeleza msimamo wake miaka kumi na moja kabla, katika barua ya 1888 kwa mchapishaji wake Suvorin. Alitofautisha kulitatua swali na kuliweka swali sawasawa, akasema msanii anadaiwa hilo la pili tu. Mfano mmoja aliochagua ni Anna Karenina yenyewe: hakuna swali hata moja lililotatuliwa mle, alisema, lakini inamtosheleza msomaji kwa kuwa maswali yote yamewekwa inavyotakiwa. Wala si kweli kwamba hadithi ya Kijibwa haina wema na uovu. Inamshitaki Gurov tangu ukurasa wa kwanza, kwa namna anavyowataja wanawake, kwa tikitimaji, kwa uchovu wake wakati mwenzake analia. Haikumpeleka kwa hakimu, lakini ushahidi wote imeuweka mezani.

Na ile nusu nyingine ya shutuma? Kabla sijafika huko, ni lazima niseme habari ya sheria, kwa sababu msomaji wa leo atauliza upesi: kwa nini wasiombe talaka, kila mmoja akawa huru, wakaoana?

Katika Urusi ya 1899 ndoa za Waorthodoksi zilikuwa mikononi mwa Kanisa, na talaka vilevile. Sababu zilizokubaliwa zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: uzinzi, kutoweza tendo la ndoa tangu kabla ya kuoana, mwenzi kupotea miaka mitano au zaidi, na mwenzi kuhukumiwa adhabu ya kunyang'anywa haki zake zote za kiraia. Watu kutopendana hakukuwa sababu. Uzinzi nao ulidai mashahidi, hivyo wenye fedha waliwanunua, na kiapo cha uongo kikawa ndiyo njia ya kawaida ya kuupata uhuru. Aliyethibitika kuwa mkosaji hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa tena. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kupata hati yake ya kuishi mbali na mume bila mume kukubali, na watoto walikuwa chini ya mamlaka ya baba. Ukiyajua hayo, maisha ya siri ya wapenzi hawa yanakuwa kitu kingine tofauti na uvivu wa kuamua. Njia ya ukweli ilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulikuwa uongo mwingine mbele ya padri.

Kwa hiyo wanaishi walivyoweza. Kila baada ya miezi miwili mitatu Anna anamwambia mumewe kwamba anakwenda Moscow kumwona profesa wa maradhi ya wanawake. Mume anaamini na haamini. Anna anapanga Slavyansky Bazaar, hoteli ya heshima, anatuma mjumbe mwenye kofia nyekundu, na Gurov anakwenda. Hakuna mtu Moscow anayejua. Chekhov mwenyewe aliyafahamu mapenzi ya kusafiri kwa treni. Kifua kikuu kilikuwa kimemfungia Yalta, kwenye joto, na Olga Knipper, aliyempenda, alikuwa mwigizaji Moscow. Walioana mwaka 1901 na hata baada ya hapo waliishi zaidi kwa barua. Hakuwa akimwibia mtu mke, lakini alijua uzito wa kumsindikiza mtu stesheni.

Sasa ile nusu ya Tolstoy ninayoikubali, na hapa ndipo hadithi hii inaponiuma. Asubuhi moja ya baridi Gurov anakwenda hotelini, na kwa kuwa shule iko njiani anamsindikiza binti yake. Theluji inaanguka kwa vipande vikubwa vyenye majimaji. Gurov anamweleza binti kwamba joto ni nyuzi tatu juu ya kuganda, lakini hiyo ni ardhini tu. Juu angani hali ni nyingine. Binti anauliza, baba, mbona wakati wa baridi hakuna radi? Anamweleza na hilo pia. Na wakati anaeleza, moyoni anawaza kwamba ana maisha mawili: moja la wazi, limejaa kweli za kuafikiana na uongo wa kuafikiana, na jingine la siri, ambamo mna kila kilicho cha thamani kwake. Benki, klabu, kwenda na mke kwenye sherehe, hayo yote ni ganda. Kiini kimefichwa.

Nimesoma ukurasa huu kwa miaka mingi na kila mara nataka kumshika Gurov mkono. Klabu ni ganda, sawa. Karata na yule ofisa wa samaki ni ganda. Lakini huyu anayeuliza habari za radi ni nani? Jibu la baba kwa mtoto, limetolewa kwa uvumilivu, kwa usahihi, hatua kwa hatua kwenye theluji: hilo nalo ni la kuafikiana tu? Chekhov hakumtaja binti katika orodha ya mambo ya uongo. Alifanya kitu kikali zaidi. Alimweka binti kando ya baba wakati baba anaihesabu orodha. Msomaji anamwona mtoto. Baba, kwa muda ule, hamwoni. Ni tikitimaji tena. Gurov amejifunza kumtazama mtu mmoja kwa moyo wote, na amemlipia mtu huyo kwa macho aliyowanyima wengine.

Na mke. Tunajua nini juu yake? Kimo, nyusi, vitabu anavyosoma, na sentensi moja aliyoisema. Hana hata jina. Kila kitu tumekipata kupitia macho ya mume asiyependa kukaa nyumbani. Tunaambiwa mume alimwogopa, alimwona mwenye akili finyu, asiye na mvuto, na tunaambiwa mume alianza kutoka nje zamani, tena mara nyingi. Hatuambiwi kipi kilitangulia. Mimi sioni ugumu kumwaza mwanamke aliyeingia ndoani akiwa mlaini, akaota ukali mwaka baada ya mwaka, kila mume aliporudi na harufu ya mahali pengine. Hata ile kauli yake kwamba kujipamba hakumfai mume wake, naisikia kama ya mtu anayejua. Mtu asiyejua angeuliza una nini. Huyu alichezesha nyusi, akajibu kifupi, kwa sababu alikwishayasikia mafumbo ya mapenzi mara nyingi akijua hayamhusu.

Hadithi ingeweza kuandikwa kutoka upande mwingine, na sehemu yake imeandikwa. Mwaka 1972 mwandishi wa Marekani Joyce Carol Oates alichapisha katika kitabu chake Marriages and Infidelities masimulizi ya kisa hikihiki kwa macho ya mwanamke aliyependa, akakihamishia Marekani ya siku zake. Ilikuwa kazi yenye haki, kwa sababu Anna wa Chekhov tunamwona akilia mara nyingi kuliko tunavyomsikia akifikiri. Lakini hata huko, mwanamke anayezungumza ni mpenzi. Mke wa Moscow mwenye nyusi nyeusi bado anasubiri mwandishi wake, na ningependa awe mwandishi wa Kiswahili, maana sauti ya mke aliyebaki nyumbani tunaijua vizuri; tumeisikia jikoni na kwenye vikao vya familia tangu tukiwa watoto, tukiambiwa tutoke nje tukacheze.

Je, basi mapenzi ya Gurov na Anna ni ya uongo? Hapana, na hapa nawapinga wanaomaliza hadithi kwa kusema ni tamaa tu. Tamaa haizeeki vizuri. Katika chumba cha Slavyansky Bazaar Anna analia amegeukia dirishani, na Gurov anajiambia amwache alie, anaketi kitini, anaagiza chai. Kwa harakati za nje ni jambo lilelile la Yalta: mwanamke analia, mwanamume ameketi na anakunywa. Lakini safari hii anajua analilia nini, na anamwacha amalize. Baadaye anamwendea kumshika mabega, anajiona kwenye kioo, nywele zimeanza mvi, na anaona huruma kwa mabega yale yenye joto, ambayo nayo yataanza kunyauka kama yeye. Mwandishi anasema wanapendana kama watu wa karibu sana, kama mume na mke, kama marafiki; wamesameheana ya zamani wanayoyaonea aibu na wanasameheana ya sasa. Zamani, akiwa na huzuni, Gurov alijituliza kwa hoja zozote zilizomjia. Sasa hana hoja. Ana huruma, na anataka kuwa mkweli.

Anataka kuwa mkweli, kwa nani? Kwa Anna tayari ni mkweli. Deni lililobaki liko kwingine, na hadithi inakoma hapo. Wapenzi wanashauriana kwa muda mrefu jinsi ya kuachana na kujificha, na kudanganya, na kuishi katika miji miwili. Inaonekana kwao kwamba bado kidogo tu suluhisho litapatikana, na wote wawili wanaona wazi kwamba mwisho uko mbali sana, na kwamba sehemu iliyo ngumu kuliko zote ndiyo kwanza inaanza. Wapo wanaolalamika kwamba hapo hakuna mwisho. Mimi nadhani Chekhov alifika mpaka wa kile ambacho mapenzi yanaweza kumfanyia mtu. Yalimtoa Gurov kwenye tikitimaji yakamfikisha kwenye kikombe cha chai, na huo ni mwendo mrefu kuliko wanaume wengi wa aina yake wanavyokwenda maisha yao yote. Hatua inayofuata haitembezwi na mapenzi.

Mwaka 1904 Kanisa la Urusi liliondoa lile katazo la maisha, likamruhusu mwenzi aliyepewa talaka kwa uzinzi aoe au aolewe tena baada ya kutimiza toba. Mwaka huohuo, Julai, Chekhov alifariki huko Badenweiler, Ujerumani, akiwa na miaka 44. Kama tutawaruhusu Gurov na Anna wazeeke nje ya kitabu, basi kufuli moja la mlango wao lilifunguliwa miaka mitano tu baada ya sisi kuwaacha hotelini. Gurov angeweza kwenda mbele ya maofisa wa Kanisa na kukiri. Lakini kabla ya kufika kwao angelazimika kupita chumba cha kulia cha nyumba yake, ambako yuko mwanamke anayesoma kitabu, na yuko msichana wa miaka 17 sasa, asiyehitaji tena kusindikizwa shule, ambaye maswali yake hayahusu radi.